Kijiko Kimoja, Nusu Saa Kabla

Kijana kapita na baiskeli yenye spika,
Barabara ya Kumi na Tano, jua la saa kumi,
sauti yake mwenyewe aliyoirekodi ikimtangulia:
dawa ya mgongo, dawa ya ganzi, dawa ya waume wavivu,
na mwisho, taratibu, kama anayeona haya,
dawa ya kukosa usingizi.
Nikapiga kofi. Akashika breki.

Anaitwa Shekiondo, wa Bumbuli, anauza unga
ndani ya chupa za siagi ya karanga zilizooshwa vibaya.
"Mizizi mitatu, mama, na gome moja."
Mizizi gani?
"Ya bibi yangu."
Miaka thelathini na moja nimegawa dawa Bombo,
nimesoma vibandiko usiku tochi nimeiuma mdomoni,
sijawahi kumpa mtu kitu kisicho na jina.
Nikatoa elfu sita. Akanirudishia mia tano
kwa sababu, alisema, macho yangu yamemtisha.

Mganga hajigangi. Haya, na ajaribu nesi mstaafu.

Chungu kuliko shubiri, unanuka
kamba ya mbuzi iliyonyeshewa.
Nikalifungua daftari la mjukuu kwa nyuma, upande wa hesabu,
nikapiga mistari kama ya chati:

Usiku wa kwanza. Saa nne, nimekunywa. Saa tano, macho.
Saa sita, macho. Mbwa wa kina Mwanahawa. Saa nane, chooni.
Saa tisa, macho.
Usiku wa pili. Vilevile, na kiungulia.
Usiku wa tatu. Kuanzia saa tano sikumbuki kitu.
Saa tisa, macho.

Saa tisa hainikosi.
Wenzangu wana deni dukani, mimi nina saa tisa.
Ndiyo ilikuwa saa ya kuzunguka wodi,
viatu vya raba, sakafu imetoka kupigwa deki,
saa ambayo shuka huwa nzito na watu huamua.
Kitanda cha sita, chini ya dirisha,
fundi cherehani wa Makorora, Mbaruku,
alinishika mkono:
"Kaa kidogo, sista, nipate usingizi."
Nikasema nakuja.
Kulikuwa na dripu kitanda cha kumi na moja,
kulikuwa na mtoto wa Pongwe ana degedege.
Niliporudi alikuwa ameupata.

Mbaruku sijamwandika. Daftari halina safu yake.

Mwanahawa kaonja kwa ncha ya ulimi,
kacheka mpaka kanga ikamdondoka begani:
"Shoga, umeuziwa majani ya mpera na masizi!
Mimi nikikosa hata lepe
namkumbuka marehemu akinisimulia mpira, nalala fofofo."
Tukacheka wote. Akaondoka na kifuniko cha sufuria yake.
Usiku nikachemsha tena.

Shekiondo kasema nusu saa, nami ni mtu wa maelekezo.
Nakaa kwenye kigoda jikoni, taa nimezima,
kikombe kinapoa viganjani.
Jokofu linakohoa, linanyamaza.
Sijawahi kukaa nusu saa ya usiku bila mtu kuniita.
Nategea sikio, kwa mazoea tu,
kama yupo atakayesema sista.

Usiku wa kumi niliamka saa ileile,
nikavaa kandambili, nikazunguka:
komeo la mlango, mtungi wa gesi,
mjukuu wangu Hatibu, mguu nje ya neti.
Nikaurudisha ndani. Akasema, macho kafumba, "kaa."
Au "kaka." Sikusikia vizuri.
Nikakaa.

Kulipokucha nilikuwa palepale, shingo imepinda,
neti imenichora vijumba vijumba shavuni.
Uliingia saa ngapi, sijui.
Safu ya usiku wa kumi iko wazi,
na Hatibu kaichukua, kafanyia hesabu za kugawanya.

Leo spika imepita tena. Chupa imebaki robo.
"Vipi mama, imekubali?"
Nikamwambia ni chungu. Nikamwambia aoshe chupa zake.
Nikampa elfu sita,
na mia tano yake.